Meza ya Mkwe

Kikohozi kilitangulia. Kilikuwa kifupi na kikavu, mara mbili, kikanyamaza, halafu mara ya tatu. Kilitoka chini ya ngazi, pale ambapo foleni ya chakula ilipinda kona na sisi wa juu hatukuweza kuwaona waliotutangulia. Nisingekijali. Meli yenye watu mia nne haikosi mgonjwa wa kifua. Lakini mama yangu, aliyekuwa amenishika mkono, aliuachia. Akarudi nyuma ngazi mbili, akageukia ukuta, akavuta kitenge kichwani mpaka kikamfunika uso, akasimama hivyo kama mtu anayesubiri mvua ipite.

"Mama, vipi?"

"Mwache apite kwanza."

"Apite nani?"

Hakupita mtu. Foleni ilisogea, na nyuma yetu mwanamume mmoja mnene alianza kuguna. Tulikuwa tumemfahamu bandarini Itungi asubuhi ile: Lazaro, mnunuzi wa kokoa kutoka Bondeni, mtu wa maneno mengi.

"Mama yangu, kama unasali, sali huku unatembea," alisema. "Pilau haisubiri amina."

"Wewe tumbo lako limekwisha kutangulia," nikamwambia. "Lifuate taratibu."

Watu wakacheka. Lazaro naye akacheka, akajipigapiga tumbo. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshatazama saa. Ilikuwa saa saba na dakika kumi na mbili. Mama alikuwa amejichoma sindano yake ya sukari saa saba kamili.

Ugonjwa wake sote nyumbani tunaujua. Akishachoma, lazima ale ndani ya nusu saa. Akichelewa anaanza kutoka jasho, kisha anatetemeka, kisha maneno yanampotea. Mara mbili tumembeba kutoka Ipyana hadi hospitali akiwa hajitambui, na mara ya pili daktari alituambia wazi kwamba ya tatu huenda tusimwahi. Kwa hiyo yeye hasafiri bila hotipoti lake. Siku hiyo pia alilifungasha, ndizi na maharage, na peremende kwenye kifuniko.

Na mimi nililiacha Itungi. Nilimpa dereva wa bodaboda alirudishe kwa baba. Nilimwambia mama kwamba nimelipia safari ya sikukuu kwenye MV Kipunji, meli mpya yenye chakula cha kujipakulia, viti vya kitambaa na muziki, na kwamba sitamruhusu mama yangu akae sakafuni na hotipoti kati ya miguu kama mtu asiye na mwana. Alinitazama tu. Akasema, "Haya, Tata."

Ananiita Tata, yaani baba. Jina langu ni Anyelwisye, nalo mama hajawahi kulitamka hata siku moja, kwa sababu ni jina la baba mkwe wake. Kwetu mwanamke aliyeolewa humwogopa mkwe wake. Hamtazami usoni, hatamki jina lake, hali chakula mahali mkwe anapoweza kumwona. Wakikutana njiani, yeye ndiye anayeingia shambani na kugeuka mpaka mzee apite. Na mzee mwenye adabu hujisaidia kwa kukohoa kabla hajazunguka kona ya nyumba, ili wake za wanawe wapate nafasi ya kujificha. Vijana wengi wameyaacha hayo. Wapo wanaokaa na wakwe zao wanatazama mpira. Mama yangu hakuacha. Aliishi boma moja na babu kwa miaka kumi na moja, na mpaka mzee anazikwa hakuwahi kuuona uso wake. Babu alikufa mwaka mmoja kabla sijazaliwa. Alichukuliwa na mto Kiwira wakati wa mafuriko, wakampata siku ya tatu mahali mto unapoingia ziwani. Nilipozaliwa nikapewa jina lake.

Nayajua haya tangu utotoni, kama mtu anavyoyajua mambo ya kwao, bila kuyafikiria sana. Pale ngazini sikuyafikiria kabisa. Nilidhani mama amechoka.

Tatizo letu lilikuwa viti. Ukumbi wa chakula ulikuwa na meza ishirini, na abiria walikula kwa zamu. Zamu yetu ilitangazwa saa saba kasorobo, ndiyo maana nikamwambia mama achome. Lakini tulipokuwa tukiipita Matema, wadudu wa ziwani walipanda. Wanaoishi ufukweni wanajua ninachosema. Wanainuka kutoka majini kama moshi wa moto wa nyika, nguzo mpaka mawinguni, na upepo ukiwageuza, unavuta pumzi unavuta wadudu. Nguzo hiyo iligeuka ikaja juu yetu. Nahodha akaamuru milango ya sitaha yote ifungwe. Waliokuwa nje wakakimbilia ndani, na waliokuwa wanakula hawakuwa na pa kwenda, wakabaki kwenye viti vyao wakichokonoa meno. Madirisha yakawa meusi. Taa zikawashwa saa saba mchana.

Mlangoni alisimama mkuu wa ukumbi, mwanamume mrefu mwenye shati jeupe na lafudhi ya Bukoba, kibao kifuani kimeandikwa Evodius. Alikuwa na ubao wenye karatasi ya majina.

"Jina?"

"Anyelwisye. Watu wawili. Na kaka, tafadhali, mama yangu ana sukari, amekwisha kuchoma sindano."

Alipitisha kalamu kwenye karatasi. "Anyelwisye. Mbona mmeandikishwa tangu asubuhi? Meza ya kumi na moja, watu watatu."

"Sisi ni wawili. Na sijaandikisha."

"Mzee wenu si yuko ndani?" Alinigeuzia ubao. Jina langu lilikuwepo, limeandikwa kwa wino uliotawanyika kama karatasi ilishikwa na mkono wenye maji. "Alikuja kabla hatujang'oa nanga. Nikamwambia, mzee umelowana, kakae juani. Akasema hana haja ya jua, anamsubiri mkwe wake aje, wale."

Nyuma yangu mama alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyaga mwiba asitake watu wajue.

"Ni majina kufanana," nikasema. "Anyelwisye tupo wengi Kyela."

"Basi kaeni naye, kaka. Viti vingine sina."

Tukaingia. Sijawahi kuona watu wakipigania kiti namna ile. Kila kiti kitupu kilikuwa na mlinzi: sweta, Biblia, pakiti ya nepi, kofia ya mtu asiyeonekana. Mwanamke mmoja alikuwa amejilaza kwenye viti vitatu akidai wanawe wako chooni, na Lazaro, aliyekuwa ametupita mlangoni, alikuwa akimwuliza kama hao wanawe walizaliwa chooni. Wengine walikula wamesimama, sahani kifuani, samaki wa mbasa akining'inia pembeni. Harufu ya wali wa Kyela na mchuzi ilijaa ukumbi. Na katikati ya fujo hiyo yote, kwenye pembe ya kushoto, palikuwa na meza ya duara yenye viti vitatu na sahani tatu zilizofunikwa kifudifudi, na hapakuwa na mtu. Hakuna aliyeigusa. Watu waliegemea kuta hatua mbili kutoka hapo, migongo yao ikiwa imeipa meza ile nafasi kama watu wanavyolipa nafasi jeneza.

Nilifurahi. Huo ndio ukweli. Nilimshika mama mkono na kumvuta.

Zilipobaki hatua kumi, kikohozi kikasikika. Mara mbili, kimya, mara ya tatu. Kilitoka kwenye kiti cha ndani, kile cha karibu na dirisha. Nilikuwa nakitazama kiti hicho kwa macho yangu. Kilikuwa kitupu.

Mama aliniponyoka. Akachuchumaa palepale sakafuni, uso ukutani, kitenge juu ya kichwa.

"Amekaa," alisema.

"Mama, hakuna mtu."

"Tata, nimemsikiliza mtu yule miaka kumi na moja. Sijui pua yake ikoje. Sijui macho yake. Kikohozi chake nakijua kuliko sauti ya mama yangu mzazi."

Saa saba na dakika ishirini na tano. Nilimwacha, nikasukuma watu mpaka kwenye masinia, nikarudi na soda ya chungwa na sahani ya wali. Jasho lilikuwa limeanza kutoka shingoni mwake. Nilimsogezea soda. Akageuza kichwa.

"Ananitazama."

"Kunywa kidogo tu. Jifunike, unywe chini ya kitenge."

"Kumeza mbele yake? Ndivyo nilivyolelewa?"

"Mama, utakufa kwa adabu."

"Nitoe humu," akasema. "Nje nitakunywa."

Nikamwinua. Tulirudi mlangoni, soda mkononi, tukapita chini ya mkono wa Evodius mpaka chini ya ngazi, mahali tulipotoka. Hapakuwa na mtu. Nilimfungulia kifuniko. Na kikohozi kikaja kutoka juu ya ngazi, karibu kabisa, kama mtu anayeshuka. Mama akageuka ukutani. Nikapanda ngazi mbio. Mlango wa sitaha ulikuwa umefungwa kwa komeo, na kwenye kioo chake wadudu walitambaa mmoja juu ya mwingine. Nikashuka. Nikampeleka upande wa jikoni, ambako wapishi walitufukuza kwa miko, na kabla hatujafukuzwa tulikwisha kukisikia kule nyuma ya masufuria. Kila tulipogeukia, kilitutangulia. Ni katika ukumbi tu kilitulia mahali pamoja, kwenye pembe, kwenye kiti kile.

Tukarudi. Sikujua pengine pa kwenda. Mama hakuchuchumaa tena, alikaa kabisa, miguu imenyooka, na alipoinua mkono kusogeza kitenge niliona vidole vikitetemeka.

Lazaro alikuja na sahani iliyojaa. Alitutazama, akaitazama meza.

"Bwana mdogo, hiki kiti kina mtu?"

"Jaribu," nikamwambia.

Aliweka mkono juu ya mgongo wa kiti cha ndani ili akivute. Hakikuja. Alivuta tena, kisha akauondoa mkono, akautazama. Ulikuwa unachuruzika maji. Maji yenye tope jekundu. Aliufuta kwenye suruali taratibu, macho yake hayakuniacha, na yule mtu wa maneno mengi akaondoka bila neno, akaenda kusimama upande wa pili wa ukumbi.

Nami ndipo niliponusa. Chini ya harufu ya wali kulikuwa na harufu ya migomba iliyooza na udongo uliomeguka. Kila mtoto wa Ipyana anaijua. Ni harufu ya Kiwira ikifurika mwezi wa nne. Chini ya kile kiti matone yalidondoka, yakatengeneza dimbwi, na dimbwi halikuelekea upande ambao meli ilikuwa imeinamia.

Nikapiga magoti mbele ya mama. "Anataka nini kwako? Sema. Mzee alizikwa vizuri, nimeliona kaburi lake, nalifyekea kila mwaka. Anataka nini?"

Alikuwa anaongea polepole sasa, kama mtu anayeokota maneno gizani.

"Siku ile nilikuwa mtoni. Nakata majani ya migomba. Maji yalikuwa mengi, yanapiga kelele. Nikasikia kikohozi. Nikajua anakuja, na njia ile ni moja. Nikaingia migombani, nikajifunika, nikageuka."

"Eeh."

"Akakohoa tena. Nikasema hajaridhika, bado naonekana. Nikasogea mbali. Akakohoa tena na tena, Tata, mara nyingi sana. Nikasema moyoni, leo mkwe mbona ananifukuza hivi, nimemkosea nini. Nikaenda mpaka nyumbani bila kugeuka."

Nilidhani maneno yamekwisha kumpotea. Kisha akasema:

"Jioni wakaona ukingo umekatika. Mzizi wa mkuyu ulikuwa umechunwa kwa kucha. Alishika pale muda mrefu. Maji yalikuwa yamemwingia kifuani, hawezi kuita. Alikuwa na kile kikohozi tu. Na mimi nilikuwa hatua ishirini."

"Baba anajua?"

"Nani anajua? Ningemwambia nani? Wangeniuliza kwa nini hukugeuka. Nami ningesema nini? Nilifanya nilivyofunzwa. Wote walinisifu kwa hilo. Mwali wa Anye…" Alijiuma ulimi. "Mwali wa mzee, walisema, ana adabu kuliko wote."

Kikohozi kikaja kutoka mezani. Safari hii kilikuwa kirefu, kina maji ndani yake, na kilipofika mwisho kilipanda kidogo, kama swali.

Ukumbi ulikuwa umepoa. Nafikiri wengine nao walisikia, maana vijiko vilinyamaza meza moja baada ya nyingine, na mwanamke wa viti vitatu aliinuka akaketi vizuri. Evodius alikuwa amekuja na ubao wake, akasimama.

"Kaka," aliniambia kwa sauti ya chini, "yule ndiye aliyejiandikisha. Asubuhi nilimwona. Sasa simwoni, ila naona kiti kinavyobonyea."

"Kaa mbali," nikamwambia.

"Hajaja kuniua," mama alisema ndani ya kitenge. "Nilidhani hivyo kila masika nikimsikia. Sivyo. Anaita tu. Bado yuko pale kwenye mzizi, anaita, anataka nijibu. Nikijibu atanyamaza."

"Ukijibu nini?"

"Kwamba nitakuja."

Nilimtazama. Midomo yake ilikuwa imepauka, na jasho lilikuwa likidondoka kidevuni kama yeye naye ametoka majini. Saa saba na dakika thelathini na nane. Nilielewa kwamba ana njia mbili tu pale sakafuni. Asipokula, atakwenda. Akijibu, atakwenda. Na njia zote mbili mzee angekuwa anamsubiri mwishoni. Na mimi ndiye niliyeacha hotipoti Itungi.

Hasira ilinipanda. Mimi huwa sina hasira ndogo, na sikujua kuwa mtu anaweza kumkasirikia marehemu kiasi kile. Nikainuka, nikaiweka sahani ya wali, kijiko na soda mezani, nikarudi nikamshika mama kwapani, nikamburuta mpaka mezani. Alijitahidi kukataa lakini hakuwa na nguvu. Nilimkalisha kwenye kiti cha nje, mgongo wake ukielekea dirishani, kitenge usoni.

Halafu nikamgeukia babu.

"Shikamoo, babu," nikasema. "Umekaa kwenye kiti changu."

Kwetu babu na mjukuu hutaniana. Babu humwambia mjukuu kwamba anamwibia mke, na mjukuu humwambia babu kwamba ni mzee, afe amwachie. Sikuwahi kupata babu wa kutaniana naye. Nilianza hapo.

"Jina hilo uliloandikisha ni langu sasa. Shamba lako nalilima mimi. Kaburi lako nalifyekea mimi. Hata fimbo yako ninayo, nafukuzia nguruwe wasile kokoa. Kitu pekee ambacho hukuniachia ni kiti hiki. Ondoka."

Matone yalidondoka. Hakuondoka.

"Basi tutakaa wote," nikasema, nikakaa.

Siwezi kueleza vizuri nilichokalia. Kilikuwa baridi, baridi ya maji ya chini ya mto yasiyofika jua, na ilinipanda kutoka mapajani mpaka mbavuni. Kilikuwa pia na umbo. Magoti yangu yalikuwa juu ya magoti. Pumzi ilinigusa kisogoni. Masikioni mwangu maji yalipiga kelele, na kwenye vidole vyangu, ambavyo vilikuwa vimeshika kijiko tu, nilihisi gome la mti likichubuka chini ya kucha. Kifua kilinibana. Nilitaka kuita Evodius, nikafungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa kikohozi. Mara mbili, kimya, mara ya tatu.

Mama aliinua kichwa ndani ya kitenge.

"Tata?" alisema. Sikujua anamwita nani kati yetu.

Sasa nilijua jinsi ilivyokuwa. Mtu ana sauti nzima tumboni na haipandi. Anamwona mwanamke wa nyumba yake hatua ishirini, anaona mgongo wake, anaona kitenge chake kikienda, na kila anapomwita ndivyo anavyomfukuza. Hakuwa na hasira naye. Hiyo ndiyo iliyonitisha kuliko yote. Alikuwa bado anamtumaini.

Mama alinigeukia, akashika ukingo wa kitenge, akakishusha. Uso wake ulikuwa wazi mbele ya mkwe wake kwa mara ya kwanza katika maisha ya wote wawili. Macho yake yalinitazama lakini hayakuishia kwangu. Yalikwenda nyuma kidogo ya kichwa changu, juu kidogo, mahali ambapo uso wa mtu mrefu kuliko mimi ungekuwa. Akatazama kwa muda. Midomo ikaanza kutafuta neno.

"Nita…" alisema.

Nilimtia kijiko cha wali mdomoni.

Alimeza kwa sababu mdomo ulikuwa wazi. Nikamtia cha pili kabla hajapata la kusema, nikamwekea chupa ya soda midomoni, ikammiminikia kidevuni na kifuani, akakohoa, akameza tena. Pumzi kisogoni mwangu ilisimama. Nilijisogeza mbele ili mabega yangu yawe katikati yao, nikawa mimi ndiye ukuta. Cha tatu nilimpa. Cha nne alikishika kijiko mwenyewe, mkono ukitetemeka, wali ukianguka mezani, akala kama mtoto, kwa haraka, machozi yakimtoka, na ukumbi mzima ukimtazama na hakuna aliyeuliza kitu. Lazaro alikuja polepole kutoka kule alikokimbilia, akaweka vipande viwili vya ndizi mbivu pembeni ya sahani yake, akarudi nyuma.

"Ndaga, baba," mama alimshukuru, hakuinua macho.

Nje, wadudu walikuwa bado wamefunika kioo. Kiti chini yangu kilisogea, ingawa miguu yangu haikugusa sakafu. Kikohozi kikapanda kifuani mwangu tena, na safari hii nilikizuia kwa meno, kwa sababu nilijua kikitoka mama atakijibu. Niliona kijiko chake kikisimama hewani. Niliona anasikiliza. Alikuwa na rangi usoni sasa, na nguvu zilikuwa zinarudi, na kwa nguvu hizo hizo angeweza kulitamka lile neno lote.

Nikalitangulia. Nilishika mikono miwili ya kiti, mbao zikiwa zimelowa na kulainika kama mzizi, nikasema kwa sauti ya kumfikia kila mtu aliyekuwa na kiti na asiyekuwa nacho:

"Babu, huyu anakula, na hatakujibu leo wala kesho. Alikusikia akafanya alivyofundishwa, na aliyemfundisha ni wewe. Mwache. Siku utakapoita tena, niite mimi. Iwe mtoni, iwe ziwani, iwe huko uliko, sitajifunika uso na sitageukia ukuta. Nitakuja."